Nani Ataonja Mbege ya Krismasi

Kabla sijaanza niseme kwamba mimi shule niliishia darasa la pili, na la pili lenyewe sikulimaliza, kwa sababu mama alijifungua na mtu wa kubeba mtoto hakuwepo. Kwa hiyo mkinisikia nazungumza habari za hesabu, msishangae wala msinicheke. Hesabu hizo si zangu. Ni za mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu anayekaa Njoro, kule mjini. Yeye ndiye aliyesoma mpaka akafika mahali pa kuhesabu ugonjwa. Mimi nilidhani ugonjwa unauguzwa tu, kumbe na kuhesabiwa unahesabiwa.

Changu mimi ni mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Niliolewa ng'ambo ya mfereji, kihamba cha mume wangu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, upande huu, kihamba cha baba yangu upande ule, katikati maji tu yanayoshuka kutoka msituni. Na tangu mama alipochoka, mimi ndiye ninayepika mbege ya Krismasi ya kwetu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania, "Hivi wewe nilikuoa au nilikuazima?" Maana Desemba ikifika, siko kwake. Niko kwa baba nachemsha ndizi mbivu mpaka ziive na kugeuka rangi, naziacha kwenye pipa zichachuke, nauotesha ulezi, nauanika, nausaga, naupika uji, nauchanganya. Ukikosea ulezi umekosea kila kitu. Siku hizi wanawake wadogo wanatia sukari. Sitaki hata kulizungumzia hilo, nitakasirika bure na hadithi itapotea.

Kwa baba sasa yuko mdogo wangu. Mimi ni mkubwa kwake, nilimbeba mgongoni, lakini yeye ndiye mwanamume wa kwanza, kwa hiyo kihamba ni chake na watu ni wake. Krismasi wanapanda mlima wote. Wanatoka Dar, wanatoka Arusha, wanatoka hapo chini Pasua na Soweto, magari yanajaa kwenye migomba mpaka unashindwa kupita na ndoo. Na wote hao wanakuja kwake. Yeye ndiye anayesimama mbuzi anapochinjwa, ndiye anayejua kidari kinakwenda kwa nani na mguu kwa nani, na ndiye anayetoa mbege kwa mkono wake. Asipokuwepo yeye, hao ni watu waliokutana kula nyama tu.

Sasa mwaka ule, mwaka wa barakoa, mdogo wangu aliumwa kifua, si ule ugonjwa wa barakoa bali nimonia. Aliumwa sana. Walimlaza mjini, akarudi amepungua, koti lake la ibada likawa linamvaa yeye. Daktari alimwambia mke wake waziwazi kwamba mapafu ya mzee yamechoka, yakipata homa nyingine ya kifua hayatastahimili. Wifi yangu alikuja kunieleza hayo akiwa amesimama kwenye mfereji, hakuvuka, ananiambia kutoka upande ule huku analia. Na mimi nilikuwa nimetoka kuugua ule ugonjwa wa barakoa wenyewe mwanzoni mwa vuli. Nililala ndani, sikusikia harufu ya kitu, hata mbuzi dume alipopita dirishani sikumsikia, na mnajua harufu ya mbuzi dume. Nikapona. Nilibaki na magoti tu, ambayo hata kabla yalikuwa yananisumbua.

Kwa hiyo swali tulilokuwa nalo Desemba ile lilikuwa moja. Watu wanakuja. Mdogo wangu atawapokeaje asife?

Nilimwambia mwenyewe, "Mwaka huu waambie wakae huko huko."

Akanitazama kama nimemtukana. "Dada, nikiwafungia geti Krismasi, basi mnizike tu, mimi nimeshakufa."

Ndipo mjukuu wangu akapanda. Alikuja mapema, mji wote bado uko kazini, amebeba begi na kompyuta yake. "Shikamoo bibi." "Marahaba, umekonda." Hivyo ndivyo tunavyosalimiana. Akakaa jikoni kwangu, akafungua ile kompyuta karibu na moto, nikamwambia ataiunguza. Kulikuwa na mstari unapanda kama kilima halafu unashuka.

"Huu ndio ugonjwa, bibi."

"Huo ni Mawenzi."

Akacheka. Akajaribu kunieleza, kuna herufi, kuna herufi juu ya herufi, mimi nikawa natazama mdomo wake tu nikikumbuka alivyokuwa hana meno ya mbele. Akaona nimepotea. Akafunga, akatoka nje, akaingia kwenye shamba langu la kahawa.

Ulikuwa mwisho wa msimu. Kwenye miti yalibaki yale mabaki ambayo mtu haendi kuyachuma mpaka awe hana kazi, mbichi za kijani na nyekundu chache. Akachuma kiganja cha kijani, akachuma na nyekundu zote alizoziona, halafu akachukua na buni, zile zilizokaukia juani na maganda yake zikawa nyeusi. Akarudi, akamimina za kijani kwenye sinia langu la kupembulia ulezi. Sikufurahi, lakini nikamwachia.

"Hizi za kijani ni watu ambao ugonjwa haujawagusa," akasema. "Wako wazima, lakini hawana kinga. Hii nyekundu ni mgonjwa." Akaweka moja katikati. "Na hizi kavu ni waliougua wakapona. Mwili wao umeshaujua ule ugonjwa, ukija tena unafukuzwa mlangoni. Sasa tikisa."

Nikatikisa sinia. Ile nyekundu ikagusana na za kijani. Kila aliyeguswa, mjukuu akamtoa akaweka nyekundu mahali pake. "Tikisa tena." Nikatikisa. Wekundu wakaongezeka. Wale wa mwanzo akawatoa akaweka kavu, wamepona. "Tena, bibi." Mikono yangu hii imepepeta ulezi maisha yote, lakini sijawahi kupepeta na moyo unanidunda namna ile. Sinia lote likawa jekundu, halafu likaanza kuwa jeusi, na mwishoni nikaona kitu: zile nyekundu chache zilizobaki zilikuwa zinagonga kavu tu. Zinagonga, hazipati. Zikaisha. Na pembeni zilibaki kijani mbili tatu ambazo hazikuguswa kabisa.

"Hao wamesalimika vipi?" nikauliza. "Hawakufanya kitu."

"Wamezungukwa na waliopona. Ugonjwa haukupata njia ya kuwafikia. Ndiyo hesabu yenyewe hiyo, bibi. Mgonjwa mmoja anampa nani, wangapi. Akiwapa zaidi ya mmoja, moto unapanda. Akishindwa kumpa hata mmoja, moto unazimika."

Sikuwa nafikiria Krismasi wakati ule. Nilikuwa nimerudi mbali sana.

Zamani kwetu kulikuwa na surua. Ninyi mmechanjwa, hamuijui. Surua ilikuwa inakuja mlimani kama mgeni mwenye desturi yake. Inapita, inawalaza watoto wote kuanzia huku juu msituni hadi chini kwenye mahindi, halafu inaondoka kabisa, mnaisahau. Mnakaa. Watoto wanazaliwa, wanatambaa, wanatembea, wanaanza kutukanana mferejini, halafu siku moja mtoto anaamka macho mekundu na inakuwa imerudi. Bibi yangu alikuwa anasema surua inapumzika juu ya Kibo kwenye theluji, ikipata nguvu inashuka. Na tulikuwa tunaamini, maana wakati ule theluji ilikuwa nyingi, ilifaa kuficha chochote. Siku hizi ukitazama juu ni kama chumvi iliyomwagika mezani, surua ingejificha wapi.

Nikamweleza mjukuu wangu. Akaanza kutikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Bibi, haikuwa inapumzika popote. Ilikuwa imeishiwa kahawa za kijani. Wote mlikuwa mmekauka. Ikawa inasubiri kijani wengine waote."

Kijani wengine waote. Hao ndio walikuwa wadogo zetu.

Surua ya kwanza ilinipata nikiwa mdogo sana, sina kumbukumbu nayo. Nilipona. Ya pili ilipokuja mimi nilikuwa msichana wa kuchota maji, na mdogo wangu huyu alikuwa mtoto wa kukimbiza kuku. Akaugua yeye, na mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa bado ananyonya. Wakawekwa kwenye nyumba ya bibi, ile ya majani ya duara, ng'ombe upande mmoja na kitanda upande mwingine, giza tupu kwa sababu walisema mwanga unaharibu macho ya mwenye surua. Watoto wengine wakakatazwa kusogea. Mama akaniita.

"Wewe umeshaumwa. Utawapelekea uji wewe."

Hakuna aliyejua kinga ni nini. Hakuna aliyekuwa na kompyuta. Lakini kila mama wa mlima huu alijua yupi amtume na yupi amzuie. Nikawa mimi ndiye ninayeingia na kutoka.

Mdogo wangu alikuwa mkaidi hata akiwa anakufa. Midomo imepasuka, macho hayafunguki, lakini hataki uji. Anasema umetiwa dawa. Na kweli mama alikuwa anatia dawa chungu ya majani. Basi nikimpa bakuli anageuza uso ukutani. "Onja wewe." Ninaonja. "Tena." Ninaonja tena, uchungu unanishika kooni, nafanya uso mtamu kama ninakunywa asali. Ndipo anakunywa. Kila mara hivyo. Asubuhi nionje, jioni nionje, sijui nilikunywa dawa kiasi gani ya ugonjwa ambao sikuwa nao.

Yeye alitoka. Mdogo wetu wa mwisho hakutoka. Alizikwa kwenye migomba karibu na mfereji, na mpaka leo nikivuka pale napunguza mwendo, hata nikiwa na haraka.

Nilimuuliza mjukuu wangu, "Na huyo kwenye hesabu yako yuko wapi?"

Akashika kahawa moja, akaigeuza vidoleni. "Kwenye hesabu ni mmoja, bibi. Hesabu haimjui jina." Halafu akasema pole. Alikuwa anamaanisha.

Basi tuje Krismasi.

Tulivuka mfereji, mimi na yeye na sinia. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje, blanketi mabegani. Mjukuu akamwamkia, akapiga goti, akamtikisia kahawa zake palepale chini. Akamwonyesha jambo moja ambalo kwangu hakulionyesha. Alichukua kahawa moja ya kijani, akawa anaipitisha kwa mkono wake kwa kila kahawa nyingine sinia zima, inagusa huyu, inagusa huyu.

"Huyu ni wewe, babu. Wengine Krismasi wanakutana na watu wachache waliokaa nao. Wewe unakutana na wote. Na kata ni moja. Inatoka mdomo huu inaingia mdomo huu, halafu inarudi kwako."

Kata ni kile kibuyu chenye mkono tunachonywea mbege. Cha kwetu kilikuwa cha babu yetu, kimekuwa cheusi kwa midomo ya watu, wengi wao wako udongoni.

Mdogo wangu akaichukua ile kahawa ya kijani. "Kwa hiyo kata ndiyo mbaya."

"Kata, na kukaa karibu, na ndani ya nyumba."

"Tutakaa nje. Na kila mtu atapewa kikombe chake. Umeridhika?"

Mjukuu wangu aliridhika. Mimi niliridhika. Wifi alituma watu Pasua wanunue vikombe vya plastiki, wakaja na vya kijani na vyekundu, sisi wawili tukaangaliana tukacheka mpaka wifi akatuuliza tuna nini.

Siku ya Krismasi ilikuwa na jua zuri. Watu walirudi kutoka ibadani, wakakaa kwenye majani chini ya migomba, kila familia na mahali pake, kama mjukuu alivyowapanga. Vijana wakamnung'unikia, "Mwalimu, na chooni tunakwenda kwa foleni?" Moshi wa nyama, watoto, redio ya mtu. Alikuwepo kijana wa mdogo wangu mwingine, dereva wa malori kutoka Dar, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika hadi barabarani. Alikuwa anakohoa. Tukamuuliza, akasema, "Vumbi tu la njiani, shangazi. Nimelala Korogwe gari bovu." Mjukuu wangu alimwekea kiti chake mbali kidogo, akamwambia ni kwa ajili ya kivuli.

Mbege ikaletwa. Niseme ukweli, ilikuwa imekaa vizuri kuliko miaka mingi. Povu lake jepesi, harufu yake ya ndizi na ulezi haijapandana. Mdogo wangu akasimama. Akachota kwa kata, akajaza kikombe cha kwanza. Na kabla hajampa mwenyewe, akanywa funda.

Akajaza cha pili, akanywa funda, akatoa. Cha tatu, funda, akatoa.

Mjukuu wangu alinishika mkono. Mimi mwenyewe ndio kwanza nilikuwa nafumbuka macho pale. Mnajua kwetu anayetoa lazima aonje kwanza. Ni ya zamani hiyo, ya siku ambazo watu walikuwa wanatiliana sumu. Huwezi kumpa mtu kinywaji ambacho hukukigusa kwa mdomo wako, ni kama kumwambia nakutakia mabaya. Tulikuwa tumekaa vikao, tumekunja vichwa juu ya sinia, tumetafuta vikombe hadi Pasua, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuonja. Kuonja hakukumbukwi. Ni kama kupumua. Kata ilikuwa mdomo wa watu wote, sasa tukawa na vikombe vingi na mdomo mmoja unaopita kwenye vyote, na mdomo wenyewe ndio ule tuliokuwa tunaulinda.

"Nimzuie?" nikanong'ona.

Alikuwa anahesabu, nilimwona machoni. "Subiri. Vikombe ni vipya. Yeye ndiye wa kwanza kuvigusa, kwa hiyo havimpi kitu. Raundi hii hana neno." Akaukaza mkono wangu. "Raundi ya pili, bibi. Vikirudi."

Nilijaribu kuinuka nimfikie mdogo wangu kabla vikombe havijarudi, lakini magoti haya. Na watu wa kwetu hawachelewi kumaliza kikombe. Wa kwanza kurudi alikuwa nani? Dereva. Amekuja anacheka, anakohoa kwenye kiwiko, kikombe mbele. Mdogo wangu akakijaza. Akakiinua mdomoni.

"Babu, usinywe!"

Watu wakaacha kutafuna. Hata redio mtu aliizima.

Sijui kama wasikilizaji wa mbali wanaelewa kilichotokea pale. Mtoto kumpigia mzee kelele ni jambo moja. Kumwambia usinywe, mbele ya mkutano, kikombe kimeshikwa na mwenye nyumba na kinakwenda kwa ndugu, hilo ni jambo jingine kabisa. Ni kusema kuna sumu.

Dereva alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Wewe binti. Unasema mimi nina nini?"

"Sikusema hivyo, mjomba."

"Umesema nini basi? Watu wote hapa wamesikia. Nimetoka Dar na mbuzi wangu kwenye gari, nije niitwe mchawi na mtoto wa chuo?"

"Jamani, ni mambo ya ugonjwa," wifi akasema.

"Ugonjwa gani? Mimi nina vumbi!" Na hapohapo akakohoa, vizuri sana, kikohozi kirefu, kijana mmoja nyuma akasema, "Vumbi hilo lina injini," wakacheka wachache wasioweza kujizuia.

Mjukuu wangu alikwenda mwenyewe kwenye ua, sikumtuma. Alikata jani la isale, lile la kuombea msamaha, akarudi nalo, akalishika kwa mikono miwili mbele ya dereva, akainamisha kichwa. Yule mtoto ambaye nilidhani mjini wamemfuta kila kitu. Mtu akikuletea isale huwezi kumkatalia, hata awe amefanya nini. Dereva alilitazama lile jani, hasira ikamtoka kama hewa.

"Haya. Yameisha," akasema. "Lakini umenitia aibu."

"Mjomba, kila mtu hapa anaweza kuwa nayo, hata mimi. Wewe ukiugua utalala utaamka. Babu akiugua hataamka. Ni hilo tu."

Alilisema hivyo, wazi, mbele ya mdogo wangu mwenyewe. Hakuna aliyewahi kulisema mbele yake. Wifi alifunika mdomo kwa kanga.

Mdogo wangu alikuwa bado amesimama na kikombe. Akasema taratibu, "Nimekusikia. Lakini nifanye nini? Kutoa mkono mtupu bila kuonja siwezi. Nikikaa, nani atoe? Nikikaa mimi, ndiyo basi, wameniona nimekaa." Hakuwa anabishana. Alikuwa anauliza kweli. Na macho yake yalikuwa ya mtu anayeona kiti chake kinaondolewa.

Mimi nilikuwa nimeshafika. Nimesema magoti yanachelewa, sikusema hayafiki.

"Mbege kaipika nani?" nikamuuliza.

"Wewe."

"Aliyepika anaruhusiwa kuonja au haruhusiwi?"

"Anaruhusiwa."

"Na mimi nimeshaumwa. Mimi ni buni." Watu hawakuelewa, lakini yeye alielewa, alikuwa ameiona ile kahawa kwenye sinia. Nikasogea karibu kiasi cha kumnong'oneza, nikageuza uso pembeni nisimpumulie. "Kule kwa bibi gizani, nani alikuwa anakuonjea?"

Mdomo wake ulifanya kitu, kama unataka kucheka kama unataka kulia. Tulikuwa wazee wawili tumesimama kwenye kihamba cha baba yetu, watu wote wanatutazama, na sisi tuko ndani ya ile nyumba ya majani na harufu ya ng'ombe.

Akakiweka chini kile kikombe, akanipa kata.

Halafu akageuka kwa watu, akasema kwa sauti ya kuongoza, ile ya zamani kabla ya kifua, "Mwaka huu anatoa dada yangu. Mimi nimemwambia." Akakaa kwenye kiti chake chini ya blanketi, akakunja miguu. Na hakuna aliyeona mtu aliyekaa. Waliona mtu aliyeamuru.

Mjukuu wangu akaja sikioni kwangu. "Bibi, mpango. Kikombe cha babu kwanza, kabla hujagusa cha mtu yeyote, na ukimaliza cha kwake usimsogelee tena. Cha mjomba kiwe cha mwisho kabisa. Na si salama kabisa, unasikia? Buni nayo ikinyeshewa inalowana. Kinga haikai milele. Ila wewe umepona juzijuzi, ni afadhali wewe kuliko mtu yeyote hapa."

"Ni afadhali. Basi inatosha," nikasema.

Nikajaza cha mdogo wangu. Nikaonja. Alikuwa ananitazama kwa makini kabisa, na wallahi akafanya vilevile, akageuza uso pembeni kidogo.

"Tena," akasema.

Nikaonja tena, nikafanya uso mtamu. Safari hii sikuhitaji kuigiza. Ndipo akakipokea.

Wengine nikawaonjea mmoja mmoja, na cha dereva mwisho. Alikuwa amejitenga mwenyewe chini ya mwembe wa parachichi — mnaona, nimekunywa tena kwa kukumbuka tu — chini ya mparachichi, anapiga kelele, "Shangazi, mimi na ukoma wangu tuko huku!" Nikampelekea. Kwa hesabu ya funda moja kwa kila ndugu, na sisi ni wengi, nilivushwa mfereji jioni ile na watu wawili wakinishika makwapa, naimba nyimbo za kwaya ya kina mama sauti ya tatu, ambayo si sauti yangu.

Yule dereva kesho yake aliamka na homa, akalala kwetu mpaka baada ya mwaka mpya. Halikuwa vumbi. Wifi naye alikohoa, na vijana wachache. Mdogo wangu hakukohoa. Kila asubuhi nilikuwa nasimama upande wangu wa mfereji naita, yeye anajibu kutoka kwenye kiti, na mimi nasikiliza sauti yake kama ninavyosikiliza pipa la mbege, kama kuna kitu ndani kinachemka. Hakukuwa na kitu.

Nilimwambia mjukuu wangu, "Umemwokoa babu yako."

"Hatujui, bibi. Pengine asingeugua hata hivyo. Hesabu haisemi ndiyo wala hapana, inasema yaelekea." Nikamwambia anyamaze apokee shukrani, huko chuoni hawafundishi kupokea shukrani? Akapokea. Lile sinia langu lilirudi limepungua kahawa, nyingine zilianguka zikaota pale nyuma ya jiko, sikuzing'oa.

Krismasi iliyofuata watu walipanda, mlima ukajaa. Mdogo wangu alikuwa na nguvu kidogo zaidi, koti limeanza kumtosha. Hakuna aliyezungumza habari za vikombe. Mbege ilipoletwa alisimama kama zamani, akachukua kata ya babu yetu, akaichovya, akaijaza. Nikajua sasa mambo yamerudi yalivyokuwa, na nikawa nimefurahi na nimehuzunika kwa pamoja, maana nilikuwa nimeanza kuizoea ile kazi.

Hakuipeleka mdomoni. Aliigeuza, mkono wa kata ukaelekea kwangu.

"Onja wewe," akasema.